Jinsi Kituo cha Mutomo Kilivyopata Cheti cha Usalama wa Wingu

Ninayo heshima na taadhima kuutangazia umma, wadau wa maendeleo na mbuzi wote waliosajiliwa kwamba Mamlaka ya Usajili wa Mbuzi, Kituo cha Mutomo, imefaulu mtihani wa usalama wa wingu. Mimi ni Elkana Kyule, Mkurugenzi wa kituo. Ushindi huu ulipatikana chini ya uongozi wangu. Ni kweli kwamba ulipopatikana nilikuwa nimezuiwa nje ya mlango, lakini mlango wenyewe ni wa ofisi yangu.

Kwa faida ya wasiofahamu, nieleze. Zamani majina ya mbuzi wetu yalikaa kwenye madaftari, madaftari yakakaa kabatini, na kabatini wakakaa mchwa. Miaka miwili iliyopita makao makuu yaliagiza majina yote yahamishiwe kwenye wingu, yaani kompyuta kubwa zilizo mbali, ambazo mtu huzifikia kwa mtandao. Mbuzi elfu kumi na moja mia tatu na sita wakapaa kwa siku moja. Mchwa wakabaki.

Kisha mwaka huu ukaja waraka. Kituo fulani, ambacho sitakitaja kwa sababu mkurugenzi wake ni shemeji yangu, kilikuwa kimebandika neno lake la siri ukutani ili lisisahaulike. Mtu akaliona, akaingia kwenye mfumo, na Jumatatu asubuhi mbuzi wote wa eneo lile walikuwa na umri wa miaka mia mbili na wote ni madume. Kwa hiyo makao makuu yakaamuru: kila kituo kiwe na angalau afisa mmoja aliyefaulu mtihani wa usalama wa wingu kabla ya saa kumi na mbili jioni, Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Kituo kitakachokosa, sajili yake itafungwa. Na sajili ikifungwa chanjo haiji, maana chanjo hutolewa kwa kufuata sajili. Wakati huo sotoka ya mbuzi ilikuwa imeshaua ng'ambo ya mto.

Waraka ulisema mtihani ufanywe na "afisa anayefanya kazi kwenye mfumo." Nilisoma mpaka neno "afisa" nikajua ni mimi.

Hatua ya kwanza niliunda Kamati Andalizi ya Mtihani, watu wanane, katibu akiwa Mbugua, Afisa wetu wa Mipango, mtu mwepesi wa kupanga. Kamati iliazimia kwa kauli moja kwamba mambo ya wingu hayawezi kujadiliwa kwenye joto la Mutomo. Tukaenda Kikima kwa siku sita. Kikima kuna baridi na ukungu, na ukungu, kama Mbugua alivyofafanua, ni wingu lililokubali kushuka kukutana na wadau.

Kitabu cha mtihani kilikuwa na kurasa mia sita na ishirini. Hakikwenda Kikima. Gari lilikuwa limejaa tisheti za kamati, na kitabu kikakosa nafasi. Nilimkabidhi Kathini, karani wetu wa usajili, mama wa watoto watatu, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akizunguka boma kwa boma akihesabu mbuzi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu.

"Kathini, tunza hiki kitabu."

"Nikitunze aje, bosi?"

"Usikiache peke yake."

Nilimaanisha kisiibwe. Yeye alikichukulia kama mgonjwa. Alikula nacho, akaenda nacho kanisani, akakibeba mgongoni kwenye pikipiki akienda kuhesabu mbuzi.

Sisi Kikima tulifanya kazi. Siku ya kwanza tulijadili ajenda. Siku ya pili na ya tatu tulijadili kama tisheti iandikwe mbele au nyuma. Tulirudi na kaulimbiu iliyokamilika, Wingu Salama, Mbuzi Salama, Mkurugenzi Salama, na homa mbili za mafua.

Siku ya soko nilikwenda kuhamasisha wananchi. Nilisimama mbele ya wafugaji, nikawaambia kwamba serikali yao sasa inalinda wingu usiku na mchana. Mama mmoja akainua mkono. Jina lake ni Nduku, mjane mwenye mbuzi ishirini na sita, na huwa hainui mkono bure.

"Mkubwa, hayo mawingu mnalinda yasiende wapi? Kwa sababu hapa hayajafika tangu Novemba."

Nilimjibu kwamba swali lake limenakiliwa.

"Na chanjo?"

"Chanjo iko kwenye mchakato."

"Sawa. Na mbuzi zangu pia ziko kwenye mchakato. Mbili zimeanza kukohoa."

Nilinakili na hilo. Nikirudi ofisini, nikapita kwenye baraza ya duka la dawa za mifugo, na hapo nikakuta jambo la kusikitisha. Kathini alikuwa ameketi na Nduku, kitabu cha serikali kimefunguliwa katikati yao, juu ya gunia la chumvi ya mifugo. Kathini alikuwa anamuuliza yule mama maswali na yule mama anajibu.

"Tuseme mtu amekuja kuchukua mbuzi kwako," Kathini alikuwa akisema. "Anasema ametumwa na ndugu yako. Anajua jina la mbuzi. Utampa?"

"Jina la mbuzi si hata jirani anajua. Simpi. Nitapigia ndugu yangu simu kwanza."

"Basi hiyo ndiyo kuthibitisha mara mbili. Neno la siri ni jina la mbuzi. Halafu kunatumwa namba kwa simu ya mwenyewe. Mtu akiwa na moja bila ya pili, abaki nje. Na ile kompyuta ya mbali ni kama ghala la jirani ukiweka mahindi yako. Yeye analinda ghala. Ufunguo ukimpa mlevi, hiyo ni shida yako, si yake."

"Hiyo yote iko kwa kitabu?"

"Iko, lakini wameisema kwa kurasa arobaini."

Nilimwandikia Kathini barua ya onyo kwa kosa la kueleza mambo ya serikali yakaeleweka. Aliipokea vizuri, akaitia sahihi, akaniwekea mezani karatasi nyingine nami niitie sahihi. Ilikuwa Jumatatu. Jumatatu huwa natia sahihi tu, kusoma ni Jumatano. Baadaye ilibainika kwamba makao makuu yalitoa nafasi mbili za mtihani kwa kila kituo, na nilikuwa nimeidhinisha ya pili iwe ya Kathini.

Zilipobaki siku kumi na mbili nilianza kujisomea kwa njia ya ugatuzi. Nilimgawia Mbugua kusoma sura ya kwanza hadi ya saba kwa niaba yangu, na Kathini zilizobaki, kisha waniletee muhtasari. Muhtasari wa Kathini ulikuwa kurasa hamsini. Nikaurudisha ufupishwe. Ukaja kurasa kumi, nikaurudisha. Ukaja ukurasa mmoja, na siku hiyo nilikuwa na wageni. Hatimaye nikaletewa sentensi moja: "Usimwamini mtu yeyote mpaka athibitishwe." Nilifurahi kugundua kwamba nusu ya kwanza nilikuwa nikiitekeleza tangu nipandishwe cheo.

Siku ya mtihani ilikuwa ile ile Ijumaa ya mwisho. Kamati ilikuwa imeona kwamba tarehe ya mwisho ndiyo inayotoa muda mrefu zaidi wa maandalizi. Mimi ningefanya saa nne asubuhi, Kathini saa nane mchana, wote ofisini kwangu, kwa kompyuta yangu. Maswali themanini kwa saa mbili, na kufaulu ni alama mia saba kati ya elfu moja. Mtihani husimamiwa kupitia kamera na mtu aliye mbali.

Saa nne kamili uso wa binti mmoja ukatokea kwenye skrini.

"Habari ya asubuhi. Naitwa Yvonne, ndiye nitakusimamia. Tafadhali zungusha kamera nione chumba."

Nikazungusha.

"Hao watu ni akina nani?"

"Ni kamati."

"Watoke."

"Watatoka baada ya kupitisha azimio."

"Watoke sasa hivi ama nifunge mtihani."

Kamati ikatoka, ikiacha kumbukumbu kwamba imetoka kwa hiari. Mlinzi wa lango naye akatoka, kwa kuwa alikuwa mweka hazina wa kamati. Wote wakaenda kunywa chai.

"Zungusha tena. Nionyeshe chini ya meza."

Nikamwonyesha.

"Na huyo?"

"Huyo ni Afisa wa Mipango."

"Anafanya nini chini ya meza?"

"Anapanga."

Mbugua akatoka kwa magoti, akamsalimia Yvonne kwa adabu, akafunga mlango nyuma yake. Nilidhani tumemaliza.

"Mzee, geuza tai yako."

Nyuma ya tai Mbugua alikuwa ameninakilia sura nne kwa wino wa bluu. Wanafunzi huita maandishi ya aina hiyo mwakenya. Sisi tuliyaita Waraka wa Rejea ya Karibu, na yalikuwa yamepigwa muhuri. Hata hivyo niliamriwa nivue tai. Kwa miaka ishirini na minane ya utumishi sijawahi kukaa kwenye kile kiti bila tai, na nilihisi shingo yangu imekuwa ya mtu mwingine.

Swali la kwanza liliuliza: mtu asiyejulikana ameingia kwenye mfumo wako sasa hivi, hatua yako ya kwanza ni ipi? Nilitafuta "kuunda kamati" kwenye A, B, C na D. Halikuwepo. Nilidhani ni kosa la uchapaji, nikatafuta tena. Mwishowe nikachagua C kwa heshima ya chai, nikaendelea kusoma swali la pili.

"Mtahiniwa, usisome kwa sauti," Yvonne akasema.

"Nikisoma kimya sisikii."

"Hiyo ni onyo ya kwanza."

Nilikuwa kwenye swali la tisa mlango ulipofunguliwa, Nduku akaingia akivuta mbuzi kwa kamba. Langoni hapakuwa na mtu wa kumzuia.

"Kuna mtu ameingia chumbani," Yvonne akasema.

"Si mtu. Ni mwananchi."

Mbuzi akakohoa.

"Na hiyo ni nini?"

"Hiyo ni data."

Skrini ikawa nyeupe, kisha yakatokea maneno kwamba mtihani umefutwa kwa kukiuka masharti. Nilimweleza Nduku kwamba ameathiri maslahi ya taifa. Aliomba radhi, na nadhani alimaanisha.

"Pole, mkubwa. Nilikuja tu kuuliza kama chanjo itafika, huyu amelala njaa siku ya pili. Sikujua uko kwa mtihani. Ulikuwa umefika swali la ngapi?"

"La tisa."

"Kati ya?"

"Themanini."

"Na ulikuwa umekaa?"

"Dakika hamsini."

Alimtazama mbuzi wake, mbuzi naye akanitazama mimi.

Kathini alipofika mchana nilipendekeza naye aahirishe, ili kituo kisionekane kina haraka. Alinitolea ile karatasi yenye sahihi yangu. Niliisoma kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa vizuri.

"Na ukianguka?" nikamuuliza.

"Nikianguka sajili inafungwa leo jioni. Mbuzi za mamangu ni kumi na nne kwa hiyo orodha. Nitaenda kumwambia mimi mwenyewe." Akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta. "Bosi, naomba utoke. Yule wa kamera ataniuliza."

Nikatoka. Nje nilimkuta Nduku amemfunga mbuzi mbali, kwenye nguzo ya bendera, na yeye mwenyewe ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango. Hakuna aliyemteua. Baada ya dakika kumi nilikumbuka kwamba miwani yangu imebaki mezani, nikarudi.

"Neno la siri?" Nduku akauliza.

"Mwaitu, mama yangu, hii ni ofisi yangu."

"Najua. Neno la siri?"

"Sina."

"Haya, basi ngoja namba itumwe kwa simu yako."

Nilisimama hapo nikiitazama simu. Ilipita saa moja na nusu kabla sijagundua kwamba hakukuwa na mtu anayeituma. Wakati huo kamati ilirudi kutoka kwenye chai ikataka kuingia kufanya kikao, Nduku akawauliza neno la siri wote wanane, mmoja mmoja, na mlinzi wa lango akajibu "Yesu." Nduku akamwambia ni zuri lakini linajulikana na wengi.

Saa kumi kasorobo mlango ukafunguka. Kathini alisimama pale akishika fremu ya mlango, macho mekundu, kama mtu aliyetoka kuzima moto.

"Imekuwaje?" nikauliza.

"Mia nane sitini na mbili."

"Kati ya?" Nduku akauliza kwa sauti ndogo.

"Elfu moja."

Nduku akajifunika uso kwa leso. Kathini akachutama karibu naye, na wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko utaratibu unavyoruhusu. Kisha Kathini akarudi ndani akatuma cheti makao makuu. Saa kumi na mbili ilipopiga, sajili ya Mutomo ilikuwa wazi. Niliingia nikachukua miwani yangu.

Jumatatu nilifanya hafla. Nilishukuru uongozi, yaani mimi, kisha kamati, kisha hali ya hewa. Kathini alipewa nafasi ya kusema, akasema asante. Lakini alasiri ile ile makao makuu yakaleta barua mbili. Ya kwanza ilimpa Kathini ajira ya kudumu. Ya pili ilimteua kuwa Msimamizi wa Ruhusa wa kituo, na kumtaka akague katika siku saba ni nani anaruhusiwa kufanya nini kwenye mfumo.

Alikuja ofisini kwangu Alhamisi na karatasi.

"Bosi, sheria ni kwamba kila mtu apewe ruhusa za kazi anayofanya. Zisipungue, zisizidi."

"Vizuri sana. Anza na wadogo."

"Nimemaliza wadogo. Sasa nimefika kwako. Mfumo unaonyesha kwa miezi mitatu uliingia mara moja."

"Nilifanya nini?"

"Ulibadilisha picha yako."

"Ilikuwa picha nzuri."

"Ni nzuri, bosi. Hiyo ruhusa nimekuachia."

Ndivyo nilivyopoteza mamlaka ya kufuta mbuzi, kuhamisha mbuzi na kuidhinisha mbuzi, mamlaka niliyokuwa nayo kwa miaka miwili ingawa sikujua vitufe vyake viko wapi. Nililalamika makao makuu. Walinijibu kwamba wameupenda ukaguzi wa Mutomo mno hivi kwamba wameufanya na kwao, na kwamba barua yangu imechelewa kujibiwa kwa sababu Mkurugenzi Mkuu haruhusiwi tena kufungua barua. Amebaki na kalenda.

Waliniambia nikitaka ruhusa zaidi nijaze fomu. Fomu ina swali moja: "Eleza kwa mstari mmoja kazi unayofanya." Niliandika "Mkurugenzi." Ikarudi: "Hicho ni cheo." Niliandika "Kuratibu uwezeshaji wa utekelezaji." Ikarudi: "Fafanua." Niliandika "Kufafanua." Haikurudi tena.

Wiki iliyofuata chanjo ikaja. Nilifika uwanja wa mnada wa mifugo mapema, na hotuba ya ufunguzi ya kurasa nne. Hakukuwa na wa kuisikiliza. Kila mtu alikuwa ameshika mbuzi. Daktari alikuwa na sindano, Kathini alikuwa na orodha kwenye simu akiita majina, na mbuzi mia nne walikuwa zizini wakitoa maoni. Wale wawili wa Nduku waliokuwa wakikohoa walikuwa wametengwa kando, chini ya turubai. Mmoja alikufa siku ya tatu baada ya hapo. Wa pili anakula.

"Mkubwa, shika huyu," Nduku akaniambia.

"Mwaitu, mimi nimekuja kufungua rasmi."

"Basi fungua miguu, umbane vizuri. Hapo. Sasa inua kidevu chake, si chako."

Nilimshika. Daktari akachoma, Kathini akatia alama, nikamwachilia. Nduku akanipa mwingine. Hakuna aliyeniuliza cheo. Kuanzia saa tatu mpaka saa saba nilishika mbuzi mia moja na kumi na saba, nikapoteza kifungo kimoja cha koti, na mmoja alinikojolea kiatu bila kufuata utaratibu. Mbuzi wa mamake Kathini walikuwa kumi na wanne, kama ulivyosema mfumo. Niliwahesabu mwenyewe.

Wakati wa chakula niliketi juu ya gunia, nikala isyo, yaani mahindi na maharagwe, kwa mikono iliyonuka beberu, kisha nikafungua ile fomu kwenye simu. Nikaandika: "Ninashika mbuzi wakichanjwa."

Jibu lilikuja baada ya dakika nne. "Ombi limekubaliwa. Ruhusa: kuona orodha ya mbuzi wa leo. Mwisho: saa kumi na moja jioni."

Nililisoma mara mbili. Nikafungua orodha, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikaona majina ya mbuzi wa Mutomo. Kuna mmoja anaitwa Bajeti. Alasiri hiyo niliita majina kwa mdomo huku nikishika kwa mikono, na watu wakaleta niliowaita, na kazi ikaenda mbio.

Saa kumi na moja skrini ikafunga katikati ya jina.

"Kathini," nikaita, "nimefungiwa."

"Ndiyo, bosi. Muda umeisha."

"Na hawa sita waliobaki?"

"Hao nitawaita mimi. Wewe endelea kushika."